Mtoto Akishaonekana Amechelewa, Aende Wapi?

Tangu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu itiwe saini Mei 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya 2003, mazungumzo kuhusu watoto wanaochelewa kukaa, kutembea au kusema yamepata nguvu mpya hapa Nairobi. Pendekezo ninalolisikia zaidi ni moja: kila mtoto anayeletwa kliniki achunguzwe hatua zake za ukuaji, na wahudumu wa afya ya jamii, wale 100,000 hivi waliokabidhiwa vifaa Septemba 2023, wafanye vivyo hivyo nyumba kwa nyumba. Ni pendekezo jema na linatoka kwa watu wema, wengi wao wazazi waliohangaika miaka mingi kabla ya kuambiwa mtoto wao ana nini. Hata hivyo naamini linaeleweka vibaya, na likitekelezwa jinsi linavyoeleweka sasa litatuletea takwimu nzuri na watoto walewale. Nairobi haikosi maswali ya kumuuliza mama. Inakosa hatua ya pili: mtu anayejulikana, siku inayojulikana na mlango unaojulikana ambapo mtoto aliyetiliwa shaka atapokelewa. Mpango huu upimwe kwa idadi ya watoto waliofika kwenye mlango huo. Idadi ya walioulizwa maswali inaeleza kazi ya nesi tu. Kuhusu mtoto haisemi lolote.

Tuanze na kilichopo. Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, ambacho mama hupewa anapoanza kliniki ya ujauzito na ambacho Wizara ya Afya ilikifanyia marekebisho mwaka wa 2020, tayari kina sehemu ya hatua za ukuaji. Kinaeleza mtoto anatarajiwa kutabasamu, kukaza shingo, kukaa, kusimama, kutembea na kusema akiwa na umri gani, na dalili zipi zimshtue mhudumu. Niliwahi kumsindikiza jirani yangu hadi kliniki ya watoto katika kituo kimoja cha Eastlands, nikakipekua kitabu chake tukiwa kwenye foleni. Ukurasa wa uzito ulikuwa umejaa nukta za kalamu ya buluu, mstari ukipanda vizuri. Chanjo zote zilikuwa na tarehe. Sehemu ya hatua za ukuaji haikuwa na alama hata moja. Zamu yake ilipofika mtoto alivuliwa, akavishwa ile suruali ya mizani, akaning'inizwa, uzito ukasomwa kwa sauti na kuandikwa, akadungwa sindano pajani, mama akatajiwa tarehe ya kurudi. Nesi yule hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake na foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Alifanya kwanza yale ambayo ripoti ya mwezi humuuliza, na mfanyakazi yeyote katika hali yake angefanya hivyo.

Ratiba yenyewe ina tatizo ambalo maswali mazuri hayawezi kuliondoa. Chanjo huanza mtoto akizaliwa, zikafuata za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha vitamini A akiwa na miezi 6, surua na rubela akiwa na miezi 9, halafu dozi ya pili ya surua na rubela akiwa na miezi 18. Kwa akina mama wengi wa mji huu kliniki inaishia miezi 9. Mama amesharudi kazini, mtoto anaonekana mzima, na safari ya miezi 18 inasahaulika, ingawa kitabu kinataka mtoto aendelee kupimwa uzito hadi miaka 5. Sasa tazama dalili zinavyojitokeza. Mtoto asiyekaza shingo au asiyekaa utamwona kabla ya miezi 9. Lakini kutoitika jina, kutoonyesha kitu kwa kidole, kutokuwa na neno lolote, kutounganisha maneno mawili, haya huonekana baada ya mwaka mmoja na kuendelea hadi miaka 2 na zaidi. Kliniki humwona mtoto mara nyingi katika kipindi ambacho hakuna anayetarajia aseme, kisha humpoteza katika kipindi ambacho kimya chake kingemshtua nesi. Ukiongeza hojaji ndefu wiki ya 14, umeongeza karatasi tu.

Hoja ya wanaotaka watoto wote wachunguzwe ni nzito, na siandiki haya kuipuuza. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2018 ulikadiria kuwa mwaka wa 2016 watoto milioni 52.9 wa chini ya miaka 5 duniani walikuwa na ulemavu wa ukuaji, asilimia 95 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Marekani, chama cha madaktari wa watoto kinapendekeza kila mtoto achunguzwe kwa hojaji rasmi akiwa na miezi 9, 18 na 30, na kwa usonji akiwa na miezi 18 na 24. Sababu yao inatuhusu na sisi: daktari anayetegemea jicho lake tu huwakosa watoto wengi, hasa wale ambao kuchelewa kwao si kwa kutisha. Na muda unaopotea una gharama. Mtoto asiyesikia akipewa kifaa cha masikio au lugha ya ishara angali mchanga, anapata lugha pamoja na wenzake. Akigunduliwa anapoingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, ameshapitwa na miaka ambayo lugha hujengeka kwa wepesi zaidi. Wala hatuwezi kujificha nyuma ya kisingizio kwamba vipimo vyote vimetoka ng'ambo. Huko Kilifi watafiti wa mpango wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome, Amina Abubakar akiwa miongoni mwao, walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa pale anavijua, na kimekuwepo tangu 2008. Malawi walichapisha chao 2010. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vyake vya kimataifa mwaka wa 2023. Chombo kipo.

Lakini Mgala muue na haki umpe. Wanaosita nao wana ushahidi. Mwaka wa 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni za Wilson na Jungner kuhusu uchunguzi wa magonjwa kwa watu wasiolalamika, na mojawapo inasema pawepo pa kuthibitishia ugonjwa na pa kuutibia kabla ya kuanza kuutafuta. Mwaka wa 2016 jopo la kitaifa la Canada linaloshughulikia kinga lilipendekeza kwamba watoto wa mwaka 1 hadi 4 wasio na dalili, na ambao wazazi wao hawana wasiwasi, wasichunguzwe kwa hojaji, kwa kuwa halikuona ushahidi kuwa kufanya hivyo kunawanufaisha. Jopo kama hilo la Marekani lilirudia Januari 2024 kwamba ushahidi hautoshi kuamua kwa upande wowote kuhusu uchunguzi wa usemi kwa watoto wa miaka 5 na chini ambao hakuna aliyewatilia shaka. Maneno haya yasomwe kwa makini, maana nimeona yakitumiwa kuhalalisha uzembe. Majopo hayo yalikuwa yakizungumzia mtoto ambaye mama hana wasiwasi naye. Mama akishaona jambo, hilo si suala la uchunguzi wa watu wote tena. Ni mgonjwa aliyekuja kuhudumiwa. Hapa kwetu kuna mama anayesema kwa kinywa chake kwamba mtoto wake hageuki akiitwa, akaambiwa asubiri. Mjadala wa Canada uko mbali sana na mama huyo.

Kuna pia hesabu ambayo ni nadra kufanywa hadharani. Chukua mfano wa kubuni wa watoto 1,000, ambao 50 kati yao kweli wamechelewa. Tuseme hojaji yetu ni nzuri: inawanasa 8 kati ya kila 10 waliochelewa, na inawapitisha 9 kati ya kila 10 wasio na tatizo. Itawanasa watoto 40 na kuwakosa 10. Lakini kati ya wale 950 wengine, 95 nao watanaswa. Nesi atabaki na watoto 135 wa kuandikiwa rufaa, na chini ya theluthi yao ndio wenye shida. Wote wakitumwa hospitali kubwa za Kenyatta au Mama Lucy, wale 40 watazama ndani ya foleni ya 135, na wazazi wa wale 95 watapoteza vibarua, nauli na usingizi, kisha warudi mtaani na kusema kliniki inatisha watu bure. Ndiyo sababu hojaji zilizotengenezwa kwa uangalifu zina hatua ya pili ndani yake. Ile ya usonji inayotumika sana duniani, yenye maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, inataka mzazi wa mtoto aliyepata alama za kati, kuanzia 3 hadi 7, aulizwe tena kwa kina kabla ya rufaa. Watu huyapata maswali 20 kwenye intaneti wakayatumia, na yale mahojiano ya pili wakayaacha. Wameacha sehemu inayoondoa wengi kati ya wale walionaswa kimakosa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, kuanzia kwa nyanya hadi kwa baadhi ya wahudumu waliovaa sare: kila mtoto ana wakati wake. Wavulana huchelewa kusema. Baba yake naye alichelewa. Mtoto anayesikia Kikamba kwa nyanya, Kiswahili kwa mama, Sheng kwa watoto wa ploti na Kiingereza kwenye katuni lazima achanganyikiwe kwanza. Kuna ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umeshahesabiwa kwenye vipimo. Shirika la Afya Duniani lilipowafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani na kuchapisha matokeo 2006, lilikuta mtoto anaweza kuanza kutembea mwenyewe wakati wowote kati ya miezi 8.2 na 17.6, na kwamba asilimia 4 hivi hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti. Mipaka hiyo ni mipana kwa makusudi. Kila upande ilimwacha nje mtoto mmoja tu katika 100. Mtoto ambaye hajatembea akiwa na miezi 18 ameshapewa wakati wake wote na wa ziada. Kuhusu lugha, tafiti za watoto wanaolelewa katika lugha mbili hazijaonyesha kuwa lugha hizo ndizo zinazowachelewesha. Mtoto huweza kuwa na maneno machache katika kila lugha, lakini ukiyajumlisha analingana na wenzake. Karibu kila mtoto wa Nairobi analelewa katika lugha mbili au tatu, na karibu wote wanasema. Mtoto wa miezi 18 asiyekuwa na neno hata moja katika lugha yoyote hajachanganywa na Sheng. Huenda hasikii, na kusikia kunapimika kwa mashine. Kupiga makofi nyuma ya kisogo chake hakutoshi, kwa kuwa anaweza kugeuka kwa sababu ya upepo au kivuli, na anaweza kusikia sauti nzito huku akikosa zile nyembamba zinazotofautisha neno na neno. Jibu la "atasema tu" limewanyima watoto kipimo hicho rahisi, na anayelitoa akiwa amevaa sare anabeba lawama kubwa kuliko nyanya.

Hoja ya kusubiri wataalamu ina heshima zaidi, ila imesimama juu ya dhana kwamba msaada huanza siku jina la tatizo linapopatikana. Kwa sehemu kubwa ya watoto hawa dhana hiyo si ya kweli. Katika utafiti maarufu wa Jamaica, ulioanza na watoto 129 waliodumaa na ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa 1991, wahudumu wa jamii waliwatembelea baadhi ya watoto hao nyumbani saa moja kwa wiki kwa miaka 2, wakimwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. Hawakuhitaji mashine wala daktari bingwa. Matokeo ya kuwafuatilia miaka 20 baadaye, yaliyochapishwa 2014, yalionyesha mapato yao yamewazidi wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25. Ni utafiti mdogo na nisingejenga bajeti nzima juu yake, lakini unajibu swali tunalouliza: mhudumu wa kawaida aliyefunzwa vizuri anaweza kubadilisha maisha ya mtoto. Na kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, kwa hiyo wanaohitaji kutembelewa hatuwakosi. Mwaka wa 2012 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mafunzo ya kumwezesha mhudumu wa kituo kumshauri mzazi kuhusu mchezo na mawasiliano. Kaunti ya Siaya imeyaingiza malezi ya miaka ya mwanzo katika huduma zake za afya, hata watoto wakachezeshwa palepale wanaposubiri kliniki. Yapo pia mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa, ya vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na watu ambao si wataalamu. Kusema hakuna la kufanya mpaka apatikane daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto ni kutojua, au kutotaka kujua, kazi hizi zote.

Kwa hiyo hatua ya pili ninayoitaka haianzii Kenyatta. Inaanzia kituo kilekile cha Level 3, yaani kituo cha afya cha mtaa, ambako mtoto amepimwa uzito. Nesi akitia shaka, au mama akileta shaka yake, mtoto aandikiwe siku maalumu ndani ya wiki nne, siku ambayo kituo kimeitenga kwa kazi hiyo na ambayo foleni ya chanjo haipo. Siku hiyo mhudumu aliyefunzwa aketi mkekani na mtoto, amwone akicheza, aulize kuhusu uzazi ulivyokuwa, degedege, umanjano wa siku za mwanzo. Atazame masikio kama yana usaha, apime damu, aulize mtoto anakula nini na nani hushinda naye. Amwulize pia mama anavyolala na anavyojisikia, kwa sababu mama aliyezama katika sonona hupata taabu kuzungumza na mtoto wake, na hilo nalo lina matibabu. Kisha amwonyeshe mambo mawili matatu ya kufanya nyumbani na kumpa tarehe ya kurudi. Wengi wa wale 95 wa mfano wangu wataondolewa mashaka hapo hapo, bila mtu kupanda matatu kwenda hospitali kubwa. Wachache wasisubiri hata wiki moja: mtoto aliyekuwa na maneno au ujuzi akaupoteza, mwenye degedege, asiyeona, au anayetumia mkono mmoja tu akiwa bado mchanga. Hao wapewe rufaa siku ileile, na rufaa iwe na jina la kliniki na tarehe, iliyothibitishwa kwa simu. Barua inayosema tu "mpeleke hospitali" ni kumfukuza mama kwa adabu.

Hapo ndipo tunapogonga ukuta wa pesa, na sioni ukijadiliwa inavyostahili. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, huduma za msingi katika vituo vya Level 2 na 3 zimewekwa chini ya Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo haimdai mchango mtu aliyejisajili. Mtoto akipewa rufaa ya Level 4 na kupanda, yaani hospitali, anaingia hazina nyingine, ya bima, na hapo mzazi lazima awe amelipa mchango. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mama anayefua nguo Eastleigh au kuuza mboga Gikomba anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Na mazoezi ya viungo au ya usemi si dozi ya siku tano. Ni ya kila wiki, kwa miezi. Maana yake ni kwamba kutiliwa shaka ni bure na kutibiwa kuna bei, na mpaka wenyewe umepita palepale mtoto anapotakiwa kuvuka. Tukipanua uchunguzi bila kuugusa mpaka huu, tutakuwa tumeongeza idadi ya akina mama wanaojua kwamba mtoto wao ana shida na kwamba hawana uwezo. Hilo ni dhara. Si lazima litokee, lakini litatokea tusipoamua vinginevyo.

Ukuta mwingine uko kati ya wizara. Vituo vya EARC, vinavyowatathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyo Kasarani, ina kituo cha kitaifa cha tathmini. Vyote viko upande wa elimu, ilhali kliniki ya mtaa iko upande wa kaunti na afya. Mtoto wa miaka 2 aliyetiliwa shaka na nesi hana faili linalomtangulia. Mzazi hubeba bahasha ya karatasi na kusimulia upya, kwenye kila dirisha, kuanzia siku ya uchungu wa uzazi. Nimewasikia wazazi wakisimulia mambo hayo kwa ufasaha wa daktari, kwa sababu wameyarudia mno.

Kuna kundi moja la watoto ambalo halihitaji hojaji kabisa, na ambalo kwa maoni yangu ndilo la kuanza nalo. Ni watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliochelewa kulia kwa kukosa hewa, waliopata umanjano mkali, au waliougua homa ya uti wa mgongo. Hatari yao ya mtindio wa ubongo au kutosikia inajulikana siku wanapotoka wodi ya watoto wachanga, iwe Pumwani, Mbagathi au kwingineko. Majina yao yameandikwa kwenye daftari la wodi. Kumwacha mtoto wa namna hii arudi nyumbani na tarehe ya chanjo tu, halafu miezi 9 baadaye tumtafute kwa hojaji, ni kumpoteza mtoto tuliyekuwa naye mkononi. Daftari hilo likitumwa kwenye kituo cha karibu na nyumbani kwao, na mhudumu wa afya ya jamii wa eneo akapewa majina, hatua ya pili itakuwa na watu wake wa kwanza bila kuuliza swali hata moja.

Na kwa wale wa kati ya mwaka mmoja na minne, ambao kliniki haiwaoni, yupo mtu anayewaona kila siku na ambaye sijawahi kuona akitajwa katika mipango hii kama anavyostahili: mama wa baby care. Mukuru, Kibra, Mathare, Kawangware, wazazi wanaotoka alfajiri huwaacha watoto kwake kwa malipo ya siku, kwenye chumba cha mabati chenye mkeka, ndoo na runinga. Mama mzazi, hasa wa mtoto wa kwanza, hana wa kumlinganisha naye. Mama wa baby care ana watoto wanane au kumi wa rika moja mbele yake. Ndiye anayejua ni yupi hageuki akiitwa kwa uji, yupi hukaa pembeni akizungusha kifuniko wakati wenzake wanagombania mpira, yupi bado analishwa na wenzake wanashika kijiko. Mara nyingi anajua na hasemi. Hasemi kwa sababu anahofia mzazi atakasirika na kumhamisha mtoto, na pato lake litapungua, na hata akisema hana pa kumwelekeza. Mpe karatasi ya dalili chache zenye picha, mpe namba ya mhudumu wa afya ya jamii, na kubwa zaidi mpe siku ya kituo ambayo anaweza kumwambia mzazi, "Jumatano wanaangalia watoto wa namna hii." Unyanyapaa hupungua panapokuwa na pa kwenda. Mzazi anayeambiwa mtoto wake ana shida, bila kuambiwa la kufanya, hana kingine cha kushika ila aibu na maombi, na nani atamlaumu?

Kaunti hukaribisha maoni ya umma inapoandaa bajeti, na vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache mno wanaozungumzia watoto wa umri huu. Mambo ya kudai ni haya. Wataalamu wa tiba ya viungo na ya shughuli za kila siku walioajiriwa katika hospitali za kaunti wawe na siku ya kuzunguka vituo vya Level 3, ili mtoto asiyeweza kukaa asibebwe matatu mbili. Serikali ya kitaifa nayo iulizwe kwa nini tiba ya ukuaji kwa walio chini ya miaka 5 isilipiwe na Hazina ya Afya ya Msingi hata inapotolewa Level 4. Hayo mawili yanahitaji pesa na yatachukua muda. La tatu halihitaji: ripoti ya mwezi ya kila kituo iongezewe safu tatu, ya watoto waliotiliwa shaka, ya waliorudi siku waliyopewa, na ya waliopokelewa walikopelekwa. Nesi hujaza anachoulizwa. Kituo kitakachoandika 30 kwenye safu ya kwanza na 2 kwenye ya tatu kisikaripiwe. Kiulizwe wale 28 wanaishi wapi, na mhudumu wa afya ya jamii awafuate majumbani kabla mwezi mwingine haujaisha.